Hatua Mia Tatu na Kumi za Moto

Walimdhulumu mhandisi wa kiwanda cha vigae mchana kweupe. Programu ya kuiga mwako aliyoiandika kwa miaka tisa, akizikokotoa moja moja hatua mia tatu na kumi ambazo gesi hupitia hadi kuwa joto na moshi, ilizinduliwa kwa jina la mkuu wa idara. Mhandisi mwenyewe alitajwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho, baada ya mpiga picha.

Wachocheaji wa tanuri la vigae hawakuhitaji karatasi kumjua. Walimwita Mama Moto. Mmoja wao, mdogo wa mumewe, alikuwa na ulimi usiolala.

“Shemeji, hiyo kompyuta yako imeshawahi kuungua nyusi?”

“Zako zimebaki mbili kwa sababu yake. Ishukuru.”

Ni shemeji huyo aliyemletea habari asubuhi moja: kuanzia kesho hewa ya tanuri itapunguzwa, ili kuokoa mafuta. Programu imeonyesha moshi safi.

“Programu gani?”

“Si hiyo hiyo yako!”

Mhandisi akapanda ngazi mbili mbili, akafungua faili. Mkuu alikuwa ametumia orodha fupi ya hatua nne, ile iliyotengenezwa ili wageni waone mwali ukikimbia upesi kwenye skrini. Katika orodha hiyo mafuta yote huungua yakaisha. Kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu inayozuka moto ukikosa hewa, haimo kabisa. Kisichomo kitaonekanaje? Na watakaoivuta ni akina shemeji.

Aliingia kwa mkuu bila miadi. Meneja wa kiwanda alikuwapo.

“Dada, tuko kikaoni,” mkuu alisema.

“Basi nimefika kwa wakati. Naomba dakika arobaini niendeshe orodha kamili.”

“Dakika arobaini! Moto wenyewe huwaka kwa sekunde.”

“Naam, mzee. Na pumzi ya mtu hukatika kwa dakika.”

Meneja akavuta kiti. “Endesha.”

Wakangoja, mkuu akigongagonga kalamu mezani. Mstari mwekundu wa kaboni monoksaidi ukaanza kupanda kwenye skrini, ukapanda, ukagoma kushuka. Pale wanaposimama wachocheaji, sumu ingekuwa mara sita ya kiwango salama.

“Una hakika haijakosea?” mkuu alimuuliza.

Meneja akamgeukia. “Programu si yako? Mbona unamuuliza yeye?”

Mhandisi ndiye aliyejibu, sauti yake imetulia kama maji mtungini: “Niulizeni mimi. Kila hatua iliyomo niliiandika kwa mkono huu, na nitawaeleza yoyote mtakayoitaka.”

Wakauliza hadi mchana, naye akajibu bila kutazama karatasi. Amri ikafutwa kabla ya zamu kubadilika.

Tangu tarehe 9 Machi 2020, hakuna tanuri linalopunguzwa hewa kiwandani humo pasipo hesabu ya orodha kamili, na fomu ya kuomba hivyo haipiti bila sahihi ya mhandisi huyo.