Nyembe Zilizolala na Majembe

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote ni ile ambayo mama alimletea mdogo wangu Pastori uji, na Pastori akashindwa kufungua mdomo. Taya zilikuwa zimebana kabisa. Mama alidhani ni utani, maana huyo kijana alipenda utani. Akamwambia, "Kunywa, waitu, mpenzi wangu, uji unapoa." Pastori akamwonyesha taya kwa kidole. Baadaye mgongo ukaanza kujikunja kama upinde, tukamweka kwenye machela kumkimbiza hospitali. Alifia njiani, mabegani mwetu.

Mwanangu, wewe unayejifunza kunyoa pale Hamugembe, nisikilize. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua kusema, na majina nitayataja.

Kazi ya nyembe nilifundishwa na Mzee Zuberi, kinyozi wa Miembeni, ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa akitafuta nyembe za zamani za kukunja, zile walizoacha mapadre na Wahindi, zimeliwa na kutu na mipini imepasuka. Alizilaza kwenye mafuta ya taa, akazisugua kwa majivu na limau, akazichongea mpini mpya wa pembe ya ng'ombe. Kisha jiwe. Wembe unaulaza bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, unausukuma kwa mkono mwepesi makali yakitangulia, unageuza, unarudi. Ukiinua mgongo kwa haraka zako, umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Mwisho ni mkanda wa ngozi, na hapo makali yanafuata nyuma.

Wakati mmoja nilimaliza kunyoa nikaukunja wembe ukiwa na maji. Mzee Zuberi aliufungua mbele ya wateja.

"Wewe Mhaya, umeulaza huu na maji? Kwenu mnalala na nguo mbichi?"

Watu wakacheka. Nikajitetea kwamba nilikuwa na haraka.

"Mwenye haraka akavune kahawa. Hapa tunashika shingo za watu."

Iliniuma, sitaki kukudanganya, lakini tangu siku ile sijawahi kufunga wembe bila kuukausha na kuupaka mafuta. Nilipoaga kurudi kwetu Muleba alinipa nyembe kadhaa nilizozifufua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikakuta kijiji chetu kimeandikishwa kuwa cha ujamaa. Mwenyekiti alikuwa Felisiani. Mtunza stoo alikuwa Anatoli, shemeji yake. Sisemi ujamaa ulikuwa mbaya. Shule na kisima tulivipata. Nawasema hawa wawili.

Felisiani alikuja kibanjani kwetu, kwenye shamba la nyumbani, na mgambo.

"Ndugu, hizo nyembe ni za nani?"

"Zangu, mwenyekiti."

"Hakuna chako hapa. Sema zetu."

Nikasema zetu. Ningefanyaje? Wakazibeba kwenye kikapu. Nilimwomba Anatoli aziweke pakavu, azifunge kwenye kitambaa chenye mafuta. Akaniambia stoo si chumba cha bibi harusi. Akazitupa kwenye sanduku la majembe, yale majembe yanayorudi kutoka migombani na samadi imeyashika. Akihitaji kukata kamba za migomba, alichukua wembe mmojawapo, akakata, akautupa tena humo.

Zikapita mvua za masika. Ndipo ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja kukiona kijiji, na Felisiani akaamuru wanaume wote wanyolewe ndevu. Nikaitwa. Nilipozifungua zile nyembe nilitaka kulia: mapengo, kutu, samadi iliyokaukia hadi ndani ya mpini.

"Anatoli, nipe muda nizisafishe, nizichemshe, nizinoe."

"Mgeni ni kesho. Makali yapo, mimi mwenyewe nimekatia kamba."

Felisiani akasogea. "Ndugu, unagoma?"

"Sigomi. Nyembe hizi zitamdhuru mtu."

Akawageukia waliokaa. "Mmemsikia."

Mgambo wakanisogelea. Pastori alipoona nitafungwa kamba, akaenda kukaa kwenye kigoda cha kunyolea. "Kelele zote hizi kwa ajili ya ndevu zangu tatu," akasema. "Anatoli, ninyoe, ila masikio niachie, sijayamaliza kuyatumia." Watu wakacheka, hata mimi. Anatoli akamkata chini ya taya. Kidonda kidogo, mwanangu. Kilikuwa kimeanza kupona taya zilipobana.

Mganga wa hospitali alipotuona alisema ni pepopunda, akauliza alikatwa na nini. Nikamweleza. Lakini siku ya mazishi Felisiani alisimama mbele ya kaburi akaninyoshea kidole, akauliza watu: huyu alijuaje kwamba wembe utadhuru kama si yeye aliyeuroga? Si mlimsikia? Na walikuwa wamenisikia kweli. Siku hiyo nikawa mchawi niliyemla mdogo wangu kwa uchungu wa nyembe. Mama hakuamini, lakini alikufa akisikia wenzake wakinong'ona juu yangu. Mimi nilihama.

Basi nakuasa hivi. Chombo kinachogusa ngozi ya mtu kisafishe wewe mwenyewe, na kila mteja mchemshie. Akija mkubwa kukuamuru ufanye vibaya, kataa, na umwambie sababu, hata kama maneno hayo atakugeuzia. Na mtu akifa kwa amri ya mkubwa, usikubali kuambiwa amelogwa. Uliza ni nani aliyetoa amri. Mungu aibariki mikono yako, akupe wateja wa kuzeeka nao, na asikupitishe nilipopita.

Anatoli amekwisha kufa. Felisiani yuko Kahororo kwa binti yake, ananyolewa kila Jumamosi na Jumapili anapokea komunyo. Huyo simsamehe bado. Namtaka aende Muleba angali anatembea, asimame kwenye kaburi la Pastori, wale wazee waliobaki wakiwa wamekaa, aseme kwa mdomo wake nani alizichukua zile nyembe, nani aliamuru zitumike, na kwa nini aliniita mchawi. Namsubiri.