Mama Mkwe Alipokataa Ninyolewe

Mimi nashona sare za shule pale Kisian. Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa maneno mengi, na mume wangu Ouma alikuwa akinitania kwamba mdomo wangu unashinda cherehani kwa kasi.

Kisha sikio la kushoto likaanza kuvuma. Vuu, vuu, vuu, sawa na mapigo ya moyo. Nikitembea haraka, linakimbia nami. Nilitia mafuta vuguvugu, nikameza dawa za maumivu, nikajikaza hivyo miezi mitano. Huo ulikuwa ujinga wangu mwenyewe.

Asubuhi moja nikikata kitambaa, kichwa kiliniuma ghafla, maumivu ambayo sijawahi kuyaona. Nikatapika. Mkono wa kulia ukalegea, mkasi ukaanguka. Nilitaka kumwita jirani, kikatoka "ba, ba" tu. Nikajikojolea palepale, na nilijua nimejikojolea.

Hospitalini Kisumu nilipigwa picha za kichwa. Daktari akawaeleza Ouma na mama mkwe wangu, wote wamesimama juu yangu kana kwamba sipo.

"Mishipa mbili zimeungana vibaya hapo kwa utando wa ubongo. Damu inapita na nguvu, na imeshavuja kidogo. Ikivuja tena, tunaweza kumpoteza. Lazima tufungue kichwa tufunge hapo. Leo tunamnyoa."

Mama mkwe akashtuka. Kwetu Wajaluo, mwanamke hunyolewa akifiwa.

"Nyar Maseno hajafiwa," akasema, akiniita binti wa Maseno, kwetu nilikozaliwa. "Mkimnyoa saa hii, nani atakufa? Mtoto yangu ama yeye? Ngojeni niulize wazee nyumbani."

"Mama, ni operesheni," Ouma akasema.

"Nimesema mngoje."

Na Ouma, mtu mzima mwenye ndevu, akaweka chini kalamu aliyopewa kutia sahihi fomu ya ridhaa.

Nilikuwa naelewa kila neno. Nilitaka kupiga kelele, "Ninyoeni! Ninyoeni hata nyusi!" Nikasema, "Ba." Mama mkwe akanishika shavu.

"Unaona? Hata yeye anakataa."

Machozi yaliniingia masikioni na sikuweza kuyafuta, maana mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa dripu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia saa ile.

Siku mbili nililala hivyo, nikisikiliza ule mvumo na kuogopa kila pigo. Siku ya tatu mguu wa kulia nao ukakataa kusogea. Ouma alipouona, akatia sahihi bila kumtazama mama yake. Mama mkwe akatoka bila kuaga. Muuguzi akaninyoa, nami nikasikia baridi kichwani.

Nilipozinduka, sikio lilikuwa kimya. Kando ya kitanda alikaa mama mkwe. Akafungua kitambaa chake cha kichwa. Kichwa chake chote kilikuwa kimenyolewa.

"Nilijinyoa siku ile ile," akasema. "Nikasema, kama kifo inatafuta kichwa yenye imenyolewa, ichukue yangu. Mimi nimeishi." Nilitaka kumwambia nimemsamehe, lakini ulimi ulikuwa bado haujarudi. Nililia tu, naye akanifuta pua.

Leo naongea polepole, na mkono wa kulia huchoka mapema. Nashukuru Mungu na madaktari wale. Wewe unayesikia sikio linavuma pamoja na moyo, usijitibu nyumbani, nenda upimwe. Na waambie watu wako mapema unataka wakufanyie nini, maana siku ile huenda usiweze.

Mama mkwe ameshaniambia yake. "Mimi nikigonjeka," alisema, "usiulize wazee. Hata Ouma usimuulize. Weka sahihi wewe."