Maji Yaliyolala kwa Majirani

Nilikuwa nimekaa Isiolo miezi minne bila kuingia nyumba ya jirani hata mmoja. Nilikuwa nimehamishwa kutoka shule ya huko kwetu Meru, nikapanga nyumba ya vyumba viwili yenye lango la mabati. Mume wangu alibaki kazini Nanyuki, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Asubuhi nilitoka kabla jua halijawa kali, jioni nikarudi na vitabu vya kusahihisha, nikajifungia. Nilimsalimu kila niliyekutana naye, lakini zilikuwa salamu za kupita tu.

Majirani niliwajua zaidi kwa simu. Mwenye nyumba alikuwa ameniingiza katika kikundi cha mtaa, na humo ndimo nilimosikia kila kitu: mbuzi mweusi aliyekatwa sikio amepotea, stima itazimwa kesho mchana, kuna mtu anayezunguka akiuza asali ambayo ni sukari iliyochemshwa, nani anamjua daktari mzuri wa meno. Nilisoma yote na sikujibu lolote.

Nyanya mmoja Mborana, ambaye nyumba yake ilipakana na yangu, hakuwa anaandika. Yeye alituma sauti. Alianza na salaam aleikum, akauliza hali ya watoto na ya wagonjwa, na alipofika kwenye jambo lenyewe dakika nzima ilikuwa imekwisha. Kila mtu alimwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana, hata wazee wa rika lake. Wanawe wawili walikuwa wamehama na ng'ombe kuelekea Biliqo kutafuta malisho, na walikokuwa simu haikushika. Kwa hiyo kila ujumbe wake ulimalizikia pale pale: "Mtu akikutana na mtu wa Biliqo, amuulize kama ng'ombe ziko hai, na vijana wangu wako aje."

Maji ya mfereji yalikuja Jumanne na Jumamosi. Jumamosi moja nilifungulia mapema, tangi likajaa mpaka juu, nikaenda kufua. Nikasikia maji yakitiririka mahali ambapo hayakupaswa kutiririka. Nilipozunguka nyuma ya nyumba, nilikuta tangi limepasuka karibu na kitako, ufa wa urefu wa kiganja, na udongo chini umeshakuwa matope. Nikaubandika ufa kipande cha sabuni kama nilivyomwona mama yangu akifanya. Kikashika kidogo, kikateleza, kikaanguka.

Mfereji wenyewe ulikuwa umeshakauka, na mpaka Jumanne lilikuwa tangi hilo tu. Nikachukua simu na kwa mara ya kwanza nikaandika katika kile kikundi: "Habari za asubuhi majirani. Tangi langu limepasuka. Kuna anayemjua fundi mzuri?"

Majibu yalikuja kabla sijaifuta simu povu. Karani mmoja mstaafu, aliyeishi ng'ambo ya barabara, alisema anamtuma kijana wa kanisa lao, mtaalamu wa mifereji. Mama Mturkana aliyeuza makaa kwenye kona akasema nisihangaike, kaka yake anachomelea vyuma na anakuja sasa hivi. Nilikuwa bado nasoma nilipoisikia sauti ya Akko, safari hii kutoka juu ya ua.

"Mwalimu, weka simu chini. Maji inaisha. Fungua lango."

Nikafungua. Akaingia na mitungi miwili, na nyuma yake yule mama wa makaa na mitungi yake, kisha wanawake wengine watatu niliokuwa nikiwaona tu barabarani. Hakuna aliyeniuliza chochote. Mmoja alishika bomba la tangi, mwingine akapanga mitungi, wakawa wanakinga na kubeba, wanakinga na kubeba, kila mmoja akielekea kwake.

"Hii tutakuwekea," mama wa makaa alisema akipita na mtungi kichwani. "Nyumba yako haina vyombo vya kutosha."

Nikasema asante. Lakini nakiri kwamba moyoni niliyaaga yale maji. Nilijua Jumanne iko mbali kwa kila mtu, na mtu mwenye kiu hawezi kulaumiwa.

Maji yaliposhuka chini ya ufa, mafundi walianza kufika. Wa kwanza alikuwa kijana wa karani, na mkoba wa vifaa safi. Alitazama akasema ufa huo unazibwa kwa plastiki ya kuyeyushwa. Hajamaliza kusema, akaingia kaka yake mama wa makaa, mzee mrefu mwenye miwani ya kuchomelea shingoni. Huyo hakutazama ufa. Aliinama akaangalia chini ya tangi, akasema kasoro iko kwenye stendi ya mbao inayolibeba. Wa tatu aliletwa na Akko mwenyewe, mwana wa dada yake, mwanamume wa makamo mwenye mikono iliyojaa grisi.

Nikamvuta Akko pembeni. "Akko, fundi niliyehitaji ni mmoja. Hawa wawili nitawaambia nini?"

"Hutawaambia kitu," alisema. "Mtu akikuja kwako kwa neno la jirani hafukuzwi. Chemsha chai, wenyewe watajua kazi ni ya nani."

Nikachemsha sufuria nzima, na Akko akatuma maziwa ya ngamia kutoka kwake. Mafundi walikunywa wakiwa wamesimama wakilizunguka tangi, na ubishi wao ulikuwa wa adabu. Kijana alisema ziba kwanza. Mzee alisema ukiziba bila kuinua utaziba tena mwezi ujao. Yule wa tatu alijimiminia kikombe cha pili.

"Na wewe unaonaje?" nilimuuliza.

Alicheka kwa aibu. "Mwalimu, mimi natengeneza pikipiki. Mama mdogo aliniambia tu nikuje, kuna mtu ana shida."

Mama wa makaa alicheka mpaka akakaa chini. Akko hakuona cha kuchekesha. "Pikipiki si ni fundi?" aliuliza. "Ana mikono. Ashike upande ule."

Na kweli mikono ilihitajika. Wanaume hao watatu waliliinamisha tangi, wakaliteremsha, na tukaona wote: ubao mmoja wa stendi ulikuwa umejikunja, na kichwa cha msumari kimesimama juu kama kidole. Tangi lilikuwa limekalia msumari huo sijui kwa muda gani. Mzee akaenda kuleta nyundo na kipande cha bati. Kijana akawasha jiko langu la makaa, akaweka chuma kipate moto, akaanza kuyeyusha vipande vya mtungi wa plastiki uliovunjika juu ya ufa, taratibu, kama mtu anayeshona.

Fundi wa pikipiki, ambaye sasa hakuwa na kazi, aliketi kivulini karibu na Akko. Walizungumza Kiborana kwa muda. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Kisha nikasikia Akko amenyamaza katikati ya neno, na nilipogeuka nikamwona ameweka kiganja kifuani.

"Sema tena," alimwambia kwa Kiswahili, sijui ni kwa ajili yetu au kwa sababu alitaka kulisikia jambo hilo kwa lugha mbili. "Sema hawa wasikie."

Fundi akatueleza. Asubuhi ile, kabla hajaitwa, alikuwa amemzibia tairi mtu aliyetoka upande wa Merti, iliko Biliqo. Mtu huyo alisema mvua imenyesha Biliqo siku tatu mfululizo. Aliwapita vijana wa Akko kwenye maji, wote wawili wazima, na ng'ombe wanakunywa. Ng'ombe waliokufa ni wachache. Yule mdogo ana jicho linalomsumbua lakini anachunga.

"Nilitaka kukuambia nikifika," alisema, "lakini ukanipatia tangi kwanza."

Akko hakupiga kelele wala kushangilia. Alisema alhamdulillahi mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, halafu akaomba chai, ingawa alikuwa amekataa mwanzoni. Mama wa makaa akaenda kukaa karibu naye, akamshika goti. Nilimmiminia chai ile mpaka juu, nikiwa na furaha kwa ajili ya watu ambao sikuwa nimewaona kamwe.

Tangi lilirudishwa juu alasiri. Niliwalipa wawili waliofanya kazi, na wa pikipiki akakataa kabisa, akisema amekunywa chai ya kutosha.

Kesho yake nilitoka kanisani nikakuta wanawake wamekaa kwenye ngazi yangu na mitungi imepangwa ukutani. Walikuwa wameleta maji. Sikuwa nimeandika nani alibeba nini, na hakukuwa na haja. Mama wa makaa alileta mmoja zaidi ya aliochukua. Nilipomwambia amekosea, alisema wa ziada ni wa kufidia maji yangu yaliyomwagika mlangoni kwake kutoka kwenye ile mingine. Tuliyamimina ndani ya tangi lililozibwa, tukainama wote kuangalia ufa. Palikuwa pakavu.

Tangu hapo lango langu halifungwi mchana. Wiki chache baadaye mwana mdogo wa Akko alirudi mjini, mwembamba, amejifunga kitambaa kwenye jicho. Akko aliniita juu ya ua.

"Mwalimu, wewe unatoka huko juu Meru. Unajua daktari mzuri wa macho?"

Nilimjua mmoja, mama mpole aliyemtibu baba yangu. Nikaeleza anakaa wapi, siku zipi hana foleni, na kwamba waende asubuhi na waseme wametumwa na mimi. Kijana alisikiliza kwa makini, kisha akamwomba mama yake anishike mkono kwa niaba yake, kwa kuwa wake ulikuwa umejaa damu ya mbuzi waliyekuwa wakimchinja kwa ajili ya kurudi kwake, na nikaambiwa nisipike jioni hiyo.