Mama Mwiko na Vitu Visivyohesabika

Mpishi mkuu wa shule ile ya bweni aliitwa Mama Mwiko, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya kupika. Wapishi ni wengi. Alipewa kwa sababu hawezi kuongea bila kunyoosha mwiko, na mwiko wenyewe si ule wa nyumbani wa kugeuzia mboga. Ni mti mrefu kama kasia, wa kukorogea uji wa shule nzima. Ukibishana na Mama Mwiko, unabishana na wawili. Ndiyo maana watu wengi walikuwa wanakubali tu, halafu wanakwenda kunung'unika mbali.

Yeye mwenyewe alikuwa na ubishi wa zamani ambao haukuwa umekwisha. Ulianza alipokuwa msichana mdogo, dawati la nyuma, siku mwalimu wao alipoandika ubaoni neno moja la Kiingereza: many. Hili, mwalimu alisema, ni la vitu vinavyohesabika. Vitabu, mbuzi, vidole. Kesho tutaona vile visivyohesabika, vyenye neno lao.

Kesho hiyo haikumfikia. Kabla kipindi hakijaisha, baba yake mdogo alisimama mlangoni kofia mkononi, akamwambia mwalimu kwamba mama wa mtoto anaumwa na nyumbani hakuna wa kuangalia wadogo zake. Mama alipona baadaye, lakini dawati lilikuwa limeshapata mtu, na nyumbani walikuwa wameshazoea kuwa na mikono ya bure. Msichana akakua, akaolewa na fundi viatu, akalea, akaajiriwa jikoni, na muda wote huo akawa anaijua dunia nusu, ile inayohesabika. Nusu ya pili alijua ipo, kama mpangaji anayejua kuna chumba cha uani ambacho hajawahi kupewa ufunguo wake.

Basi mwalimu wa Kiingereza alipopata ruhusa ya kufundisha wafanyakazi wa shule, wa kwanza kujiandikisha alikuwa Mama Mwiko, akiwa bado na unga kwenye viwiko. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mpole, ambaye shati lake lilikuwa halijui pasi. Darasa likawa bwaloni, alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa. Wanafunzi walikuwa mlinzi wa geti, mama wa kufua, dereva wa lori la shule na mpishi. Mwisho wa muhula kungekuwa na mtihani, na atakayepita angepewa cheti chenye muhuri.

Ilipofika zamu ya many, Mama Mwiko aliketi mbele kabisa, mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri kuandaliwa. Mwalimu akataja vitabu, viti, mayai. Akageuka, akaandika neno la pili, much, na akaeleza kwamba hili ni la vitu ambavyo huwezi kuvichukua kimoja kimoja ukasema hiki cha kwanza, hiki cha pili: maji, chumvi, mchele, mafuta.

Wenzake waliandika. Mama Mwiko alikaa akilitazama neno lile. Mlinzi, aliyekuwa jirani yake, alisema baadaye kwamba alidhani mwenzake ameugua ghafla, kwa jinsi alivyotulia. Lakini utulivu wake huwa haudumu. Akanyoosha mkono, maana mwiko alikuwa ameuacha jikoni, akauliza mchele hauhesabiki vipi wakati una punje. Mwalimu akasema zinazohesabika ni punje, mchele wenyewe hauhesabiki. Akauliza mkate. Mwalimu akasema hesabu vipande, mkate uuache. Akauliza maji, ambayo kwa lugha yake tangu azaliwe yamekuwa mengi hata yakiwa tone moja. Mwalimu akasema hesabu glasi.

"Kwa hiyo, mwanangu," alisema Mama Mwiko, "Kiingereza kinahesabu vyombo, chakula kinakiogopa."

Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka zaidi yao. Lakini mpishi hakuwa anatania. Alitoka pale akiwa amepewa ufunguo wa chumba cha uani, na mtu aliyesubiri ufunguo miaka yote hiyo haendi kulala. Anaingia kukagua.

Alikagua jikoni kwake. Asubuhi iliyofuata alishusha kila kitu kwenye rafu, akapanga upya jiko la shule kwa sarufi. Rafu ya kushoto ikawa ya vinavyohesabika: mayai, vitunguu, viazi, vijiko, vikombe, hata mishumaa ya siku za giza. Rafu ya kulia ikawa ya visivyohesabika: unga, chumvi, majani ya chai, mafuta, sukari. Kila akichota chumvi alisema much moyoni, kila akivunja yai akasema many, na wasaidizi wake wawili wakaanza kutazamana. Wakamuuliza viazi vimeacha gunia lao kwa nini. Akawajibu kwamba vimepanda cheo.

Sasa, kila jiko lina sheria zake ambazo hazijaandikwa popote, na jiko lile lilikuwa na moja: sabuni hailali na chakula. Sabuni ya unga ya kuoshea vyombo ilikuwa na makao yake nje, chini ya karo, kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Lakini Mama Mwiko aliitazama ile sabuni, akajaribu kuichukua moja, ya pili, akashindwa. Haihesabiki. Akaibeba, akaipa nafasi yake kwenye rafu ya kulia, upande wa mlango, karibu na ndoo nyingine nyeupe zenye mifuniko.

Unaweza kuhamisha vitu vyote jikoni kwa asubuhi moja. Mkono hauhamishiki hivyo. Mkono wa Mama Mwiko ulikuwa unajua kwamba sukari ni ndoo ya karibu na mlango, na alfajiri iliyofuata, moshi ukiwa umejaa na uji ukianza kuguna, mkono ulikwenda karibu na mlango kama ulivyozoea, ukachota, ukamimina, ukachota tena.

Uji ulianza kupanda. Alikoroga, ukapanda zaidi. Akapunguza kuni, ukapanda tu, mweupe, mwepesi, ukimeta rangi kama mabawa ya nzi, ukafika ukingoni mwa sufuria na kuanza kushuka kando kuelekea motoni. Mama Mwiko akaonja kwa ncha ya mwiko, akatema. Alitazama rafu ya kulia na hakuhitaji kuambiwa.

Hakuna aliyekunywa, maana aliusukuma mlango wa bwalo mwenyewe na kutangaza kwamba leo hakuna uji, kosa ni lake, na atakayetaka maelezo ayatafute baada ya kipindi cha kwanza. Shule nzima iliingia darasani na tumbo tupu. Kufikia mchana alikuwa na jina jipya. Kijana mmoja wa kidato cha juu alifika dirishani na sahani yake, akainamisha kichwa kwa adabu nyingi mno.

"Mama Povu, leo tunakula au tunaoga?"

"Wewe anza na masikio," alisema Mama Mwiko, akimpakulia, "halafu rudi ule."

Cheko la foleni likamhamia yule kijana. Lakini ofisini hakukuwa na cheko. Mwalimu mkuu, mwanamke wa sauti ya chini ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akirudia jambo, alikuwa amesimama nyuma ya meza yake. Alisema mengi ya haki. Kwamba watoto wa watu wamekaa na njaa asubuhi nzima. Kwamba kama angekuwa mpishi mwingine, asiyeonja, leo wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Mama Mwiko aliyapokea yote bila kupepesa, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kisha Mkuu akafika pale alipokuwa anaelekea.

"Mama, jikoni kwako unatosha. Hayo mambo ya much na many waachie watoto. Yanakuchanganya."

"Mkuu, sabuni nimeimwaga mimi. Niadhibu kwa sabuni. Darasa halijamwaga kitu."

"Sitaki kukuona umekaa kwenye darasa lile tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Mkuu."

Waliomfahamu Mama Mwiko wangeweza kumwambia Mkuu kwamba kusikia na kukubali, kwa mtu yule, ni nyumba mbili na hazipakani.

Jioni alimsimulia mumewe. Fundi viatu alikuwa ameketi kizingitini, misumari midogo kati ya midomo, kiatu cha mtu magotini. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaitoa misumari, akasema kwa upole wake wote kwamba mama watoto, mkubwa haambiwi hapana, na umri wao ule Kiingereza cha nini hasa. Anataka kwenda kuzungumza na nani?

"Na yule msichana," alisema mkewe. "Walimtoa darasani katikati ya sentensi. Leo wanamtoa tena palepale, mume wangu. Palepale. Mara ya kwanza alikuwa mdogo, hakuwa na la kusema."

Fundi viatu alirudisha misumari mdomoni. Baada ya kugonga kisigino mara kadhaa alisema, kati ya misumari, kwamba kama ni kusimama basi avae vile viatu vyake vya soli nene.

Labda alikuwa anasema tu. Fundi viatu ushauri wake wote huishia miguuni. Lakini Mama Mwiko aliacha kukunja nguo aliyokuwa anakunja, akamtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Siku ya darasa ilipofika, sabuni ilikuwa imesharudi chini ya karo, safari hii kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa mpishi. Rafu hakuzigusa. Kushoto vinavyohesabika, kulia visivyohesabika. Wasaidizi walidhani sasa atarudisha mambo yalivyokuwa, na akawaambia kwamba aliyekosea ni mkono, rafu hazina kesi.

Vyombo vikaoshwa. Bwaloni mwalimu akaandika tarehe ubaoni, mlinzi, mama wa kufua na dereva wakaketi, na kiti cha mbele kikabaki wazi. Mwalimu alikitazama mara moja, akaanza kufundisha kwa sauti ya mtu aliyemeza kitu kibaya.

Ndipo dirisha la kugawia chakula likalia. Lile dirisha lina mlango wa bati unaofunguka kwenda juu, na kigingi chake kilivunjika zamani. Bati likainuka, mwiko ukasimamishwa chini yake kama nguzo, na nyuma ya kaunta, upande wa jikoni kabisa, akaonekana Mama Mwiko na kalamu sikioni.

"Endelea, mwalimu," alisema. "Mimi niko kazini."

Mwalimu akaendelea, na sauti yake ikarudi. Siku hiyo ilikuwa ya maneno ya hila, yale ambayo mtu angedhani yanahesabika na hayahesabiki. Akasema ushauri. Mama Mwiko akaguna kwamba hilo halimshangazi, juzi alipewa wa kujaza ndoo. Mwalimu akauliza nywele, na mpishi akajibu haraka kwamba zinahesabika, ziko nyuzi nyuzi. Hapana, mwalimu akasema, kichwa kizima ni much. Mlinzi, ambaye utosi wake unang'aa kama sufuria, akanyoosha mkono akaomba yeye afikiriwe, maana zake anazijua kwa idadi. Walikuwa bado wanacheka, mwalimu akiwa ndiyo kwanza ametaja samani, Mkuu alipoingia.

Cheko lilikatika. Mkuu alitembea taratibu kati ya meza mpaka dirishani, akasimama mbele ya kaunta, uso kwa uso na mpishi.

"Mama, nilikwambia nini?"

"Ulisema hutaki kuniona nimekaa, Mkuu. Sijakaa."

Dereva aliinama kutafuta kitu ambacho hakijaanguka. Mwalimu alishika chaki kwa mikono miwili.

"Utasimama hapo mpaka mtihani?"

"Kwenye jiko hili sijawahi kukaa. Miguu haijui habari nyingine." Mama Mwiko akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya kaunta kati yao. "Sabuni iko nje, imefungiwa. Ukitaka ufunguo, chukua. Ukitaka jiko, chukua na jiko, Mkuu, nitakwenda kupikia kwingine. Darasa siachi. Nilishawahi kuliacha."

Mkuu aliutazama ufunguo, hakuugusa. Akainua mkono, akaushika ule mwiko unaoshikilia dirisha. Kuuvuta kidogo tu kungetosha, bati lingeshuka na kumaliza mambo, na kila mtu bwaloni alijua hivyo. Mama Mwiko hakurudi nyuma. Aliacha viwiko vyake palepale kwenye kaunta, chini kabisa ya bati.

Mkuu aliuachia mwiko.

"Chakula cha jioni kisichelewe," alisema, kwa sauti ileile ya chini, akageuka na kutoka alikoingilia. Hakusema ndiyo. Mlango wa bwalo aliuacha wazi.

Mwalimu akafuta jasho kwa mkono wenye chaki, akajipaka paji zima la uso, akauliza kwa sauti ya kukwaruza walikuwa wamefikia wapi.

"Samani," alisema Mama Mwiko, akirudisha ufunguo shingoni. "Umesema nazo hazihesabiki. Mwanangu, viti vya humu ndani navipanga mimi kila siku, kwa mikono hii. Haya, nieleze, na unieleze vizuri, maana leo nina viatu vya soli nene."