Jeneza Lisilofungika

Kifuniko kiligoma. Pakharu, seremala wa majeneza kule ng'ambo ya magharibi ya Waset, mji wa Misri ya kale, alikikandamiza kwa kiwiko, kisha kwa goti, nacho kikabaki kimeinuka kama taya la kiboko. Maziko hufanyika siku ya sabini tangu kifo, na siku ya sabini ni kesho!

"Ulipima vibaya," alisema Nespa, mkaushaji wa maiti, akijifuta mafuta mikononi.

"Nilimpima Horkhebi siku aliyokufa, wewe mwenyewe ulimshika miguu! Nikaacha nafasi ya sanda, vidole vinne. Wewe umefunga vingapi? Huyu ni mtu au gogo?"

"Muulize mjane wake. Kila asubuhi analeta shuka."

Tabes, mjane mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni. "Shuka zetu za ndoa, fundi. Asije akapata baridi huko."

"Mama, tupunguze tabaka mbili tu."

"Umvue mume wangu nguo? Na kila tabaka limeshasomewa dua?" Akatoka kwa hasira.

Pakharu alitamani kupiga kelele. Magadi yamemkausha yule mzee siku arobaini hadi akawa kama unyasi, na bado haenei! Ilibaki njia moja: kuchonga mbao kwa ndani, pale mabegani. Na pale ndipo alipomchora Nuti, mungu wa kike wa anga, kanyoosha mikono amkumbatie marehemu. Siku kumi na nane za kazi. Maishani mwake hakuwahi kuipata buluu kama ile.

Wakamtoa marehemu, naye akashika patasi. Buluu ikamdondokea miguuni. Vikaenda viganja, vikaenda viwiko, mikono yote ikaisha.

"Kwa ajili ya shuka!" alinguruma.

Wakamrudisha marehemu, na kifuniko kikakaa. Akagongelea vigingi harakaharaka, maana huko nje Tabes alikuwa anakunja shuka nyingine.

Kesho yake ng'ombe walikokota jeneza kwenda makaburini. Tabes alimsifu Nespa kwa kila mwombolezaji: kamfunga vizuri, kanenepa kuliko alivyokuwa hai! Kisha akamgeukia Pakharu.

"Wewe, siku nyingine upime sawasawa. Lakini Nuti si atamkumbatia?"

Pakharu alijibu: "Atamkumbatia, mama."

Akarudi kwenye msafara, nyuma ya ng'ombe, akikanyaga mavi yao bila kujali, na hasira zake hakujua amtupie nani.