Kikunjo cha Mama Rula

Zamani mhimili wa chati, ule mstari wa pembeni wenye namba, ulichorwa na mtu aliyejua kinachopimwa. Siku hizi unachorwa na mashine isiyojali kama ni maji au mahindi.

Mtu huyo, kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, alikuwa mwanamke tuliyemwita Mama Rula. Miaka ishirini na sita alikaa meza ya dirishani akichora chati za vitabu vya watu. Mimi nilikuwa msahihishaji. Shule niliishia darasa la nne; mengine niliyapata kwa kusoma makaratasi niliyotakiwa kuyafagia, kwa hiyo namjua mtu anayefanya kazi kwa akili yake. Alikuwa na sheria moja. Mhimili usipoanzia sifuri, chini yake alipiga kikunjo kidogo, kama goti, ili msomaji ajue kuna sehemu imerukwa. Bila hicho, alikuwa akisema, unamdanganya mtu kwa rula.

Kisha zikaja kompyuta. Meneja akaleta mfumo wa kupanga kurasa ambao unauandikia maagizo, nao unapanga maneno na kuchora chati wenyewe. Akampa Mama Rula kitabu kimoja cha kumjaribu, habari za bwawa la maji la mji. Akiweza kukitoa kwa mfumo huo atabaki. Asipoweza, aende akapumzike. Alikuwa na miaka hamsini na saba na mume asiyeinuka kitandani. Kupumzika ni neno la wenye pensheni.

Nikamwambia hilo dude litamtoa jasho. Akanijibu kwamba jasho amelizoea, mimi ndiye niliyezoea kukaa.

Alihangaika majuma sita na kitabu cha maelekezo kizito kama tofali. Mfumo ulianza kila mhimili pale takwimu zilipoanzia, bila kikunjo, hivyo maji yakipungua mita mbili kati ya arobaini, chati ilionyesha bwawa limekauka. Lakini aligundua kwamba kabla ya kumaliza mhimili, mfumo husimama kidogo na kuuliza kama mtu ana la kuongeza. Mahali hapo wanapaita ndoano. Akatundika maagizo yake, mistari tisa: mhimili usipoanzia sifuri, upigwe goti chini yake. Alinieleza yote haya wakati wa chai. Sikusikiliza. Nilikuwa nimenuna kwa niaba yake.

Nakala ya mwisho ikaja mezani kwangu. Niliwinda makosa ya mashine kama paka. Kikunjo chake cha mkono kilikuwa cha mviringo, wino umetuama kwenye kona. Hiki cha kwenye nakala kilikuwa kikali, chembamba kama unywele. Nikazungushia chati zote kumi na mbili wino mwekundu na kuandika: mstari umevunjika, unyooshwe. Na nikafurahi, Mungu anisamehe.

Meneja hakumwuliza mtu. Alifuta ile mistari tisa, mihimili ikanyooka, akasema kumbe mfumo unachora vizuri usipoguswa. Mama Rula akapewa barua ya kwenda kupumzika. Alikuja na zile karatasi, akaweka kidole juu ya mwandiko wangu.

"Kaka, hiki ni kikunjo changu."

"Nilidhani ni mashine."

"Mashine ingekijulia wapi?"

Nilikwenda kwa meneja kujieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtambo umeshaanza kuchapa.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka uliofuata, kwenye foleni ya zahanati, mkononi ana karatasi ya dawa za mumewe. Ukutani palikuwa na chati ya uzito wa watoto. Aliinama akautazama mguu wa mhimili, haukuanzia sifuri, akatoa kalamu kwenye mkoba, akapiga goti dogo pale chini, la mviringo, akasubiri wino ukauke. Foleni ikasogea, naye akasogea. Kati yetu walikuwepo watu watatu. Sikumsalimu.