Nilivyomfuata Mzee Bakari Mjini Maskati

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hushusha macho hata nikiwa peke yangu. Umeniambia wiki ijayo unasafiri kwenda ng'ambo, na umenionyesha tiketi yako ndani ya simu. Kaa kidogo basi. Wasia wangu ni mmoja, lakini hauelezeki bila aibu yangu.

Nilikuwa kijana wa Garsen, mtoto wa wafugaji, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Tulichaguliwa watu wawili kutoka Tana River kupeleka bidhaa zetu kwenye maonyesho ya biashara Maskati, kule Omani. Mimi nilisimamia nyama ya mbuzi na samli. Mwenzangu alikuwa Mzee Bakari, Mpokomo wa upande wa Bura, mkulima wa maembe kando ya mto. Alinizidi miaka ishirini au zaidi. Mpole, msema kidogo, na mimi ule upole wake niliuona ni ujanja. Unajua mambo ya kwetu, mwanangu. Sisi wa mifugo na wao wa mashamba tumegombania njia za maji tangu zamani, na maneno ya majumbani nilikuwa nimeyameza yote.

Siku ya tatu ya maonyesho akaja mfanyabiashara mmoja wa pale. Alionja embe, akaonja nyama, akasema angependa kuagiza kutoka kwetu, ila nafasi aliyokuwa nayo kwenye ndege ya mizigo ilitosha bidhaa ya mmoja wetu tu. Angefikiria. Tangu saa ile sikumwamini hata kidogo Mzee Bakari. Akitoka kuswali, nahesabu dakika. Akicheka na mtu, najiuliza wanamcheka nani.

Siku ya mwisho tulipewa nafasi ya kutembea mjini. Ndege yetu ilikuwa ya usiku. Asubuhi nikamkuta mwenzangu mapokezi ameshika simu ya hoteli, anaongea Kiswahili kwa sauti ya chini. Alipoiweka nikamwambia, "Mzee Bakari, twende tukauone mji."

"Nenda tu, Dida," akanijibu. "Mimi tumbo haliko sawa. Nitalala."

Nikatoka, nikavuka barabara, nikajibanza nyuma ya duka la vitambaa. Hazikupita dakika kumi, yule mgonjwa wa tumbo akatoka, kanzu imepigwa pasi, anatembea mbio mbio kuelekea Matrah, mtaa wa bandarini.

Nikamfuata. Watu wakienda ugenini hurudi na habari za milima, majumba na bahari. Mimi nilirudi na habari za mgongo wa Mzee Bakari. Tulipita soko la samaki, sikutazama samaki. Tukaingia kwenye soko la vichochoro vilivyoezekwa, harufu ya ubani imejaa hadi unaumwa na kichwa, nami macho yangu yako kwenye kofia yake tu. Alisimama akanunua chupa ya marashi ya waridi, akaichagua kwa makini, akaifungisha kwenye karatasi. Moyoni nikasema, hiyo ni zawadi ya yule tajiri. Ananiuza.

Akatokea upande wa bahari, akasimama. Ikaja gari nyeupe, akashuka mzee wa Kiarabu mwenye mkongojo. Wakakumbatiana muda mrefu. Sikungoja zaidi. Nilivuka barabara bila kutazama magari, nikaushika mlango wa gari.

"Kumbe tumbo lenyewe ndilo hili!" nikapiga kelele. "Nyinyi watu wa mtoni ndivyo mlivyo. Na wewe mzee, rudi umwambie tajiri wako kwamba nimewaona. Mvi zote hizo na bado ni wakala wa wizi!"

Watu wakasimama. Yule mzee alikuwa amekulia Unguja, Kiswahili changu chote alikielewa.

"Kijana," akasema, "mimi nimezeeka katika mtaa huu, na hakuna aliyewahi kuniita mwizi mbele ya jirani zangu. Leo umeniita wewe."

Mzee Bakari akamsihi, akamshika mkono. Haikufaa. Yule mzee akaingia garini, akaondoka.

Mzee Bakari akabaki amesimama na chupa yake. Hakunikaripia. Alisema tu, "Huyo ndiye aliyemzika ndugu yangu."

Nduguye, mwanangu, alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo. Aliugua safarini, akashushwa Maskati, akafia hapo. Yule mzee, Mzee Seif, ndiye aliyemwosha na kumzika, kisha akaandika barua nyumbani. Mama yao alikuwa hai, na alikuwa amemwagiza Mzee Bakari jambo moja: alione kaburi la mwanawe, arudi amweleze.

Nyumba yake hatukuijua, basi tulirudi hotelini tukampigia simu, ikaita bila kupokewa. Tukapiga tena na tena. Alasiri tukachukua teksi mpaka makaburini palipotajwa kwenye ile barua, chini ya mlima wa mawe matupu. Makaburi ya kule hayaandikwi majina. Ni jiwe huku na jiwe huku, mamia kwa mamia, yote sawa. Mzee Seif peke yake ndiye aliyejua ni lipi. Nilizunguka safu baada ya safu kama mwendawazimu, nikiinama kutafuta alama yoyote. Hapakuwa na kitu. Mzee Bakari alisimama ukingoni, akasoma Fatiha, akanyunyiza marashi pale pale alipokuwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza nikilia.

"Tangu tuondoke nyumbani umenitazama kama mtu aliyeruka ua wa zizi lako," akasema. "Mtu anayenitazama hivyo, nitamwambiaje habari za maiti wangu?"

Yule mfanyabiashara hakuagiza kwangu wala kwake. Mzee Seif nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, na jibu halijaja mpaka leo.

Tuliporudi, nilimwomba Mzee Bakari anipeleke kwa mama yake. Tulishuka basi Madogo, tukafuata mto mpaka kwao. Bibi alikuwa haoni tena. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli wote, kwamba mimi ndiye niliyemzuia mwanawe asifike. Kisha akaniuliza mahali penyewe pakoje. Nikamweleza mlima, mawe, zile safu nilizozipita nikiinama.

"Ulizipita zote?" akauliza.

"Zote, mama."

"Basi mmoja wa uliowainamia ni mwanangu," akasema, akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama.

Mwanangu, huko uendako linda pasipoti yako, funga mkoba wako, mgeni lazima awe macho. Lakini ukimshuku mtu, hasa mwenzako wa safari, mkalishe kando umuulize kwa sauti ya kawaida kabla hujamfuata, na kabla hujafungua mdomo mbele za watu. Ugomvi wa nyumbani uache nyumbani. Na siku ya mwisho ya safari, itembee kwa macho yaliyo wazi, hutarudishiwa nyingine.

Nenda salama. Mungu akukutanishe na watu wema, akupe moyo wa kuwatambua, na akurudishe kwetu ukiwa huna mtu uliyemdhulumu. Amina.